Injini Iliyozaliwa Baada ya Gari: Kwa Msomaji Anayetaka Kununua Chevelle SS 454 ya 1970

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni Mkenya, naendesha malori hapa Dallas, Texas. Nimepata Chevrolet Chevelle SS 454 (SS ni Super Sport, 454 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo) ya mwaka 1970, nyeusi yenye mistari miwili myeupe, gia za mkono. Muuzaji anasema ni LS6 halisi, yaani yenye ile 454 ya nguvu za farasi 450, na namba zote zinalingana, yaani injini ndiyo iliyotoka na gari kiwandani. Anataka dola 95,000. Nimekutumia picha za kibao cha dashibodi (136370R na tarakimu sita), kibao kilichoko kwenye ukuta wa chumba cha injini (ST 70 13637, rangi 75 75, tarehe 02C), na namba zilizogongwa kwenye injini (T0311CRV, na pembeni yake 10R na tarakimu sita zile zile za dashibodi). Ana pia karatasi ya kiwandani aliyoiweka kwenye fremu ya kioo. Je, nimwamini? Na siku moja naweza kulipeleka Mombasa?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Wengi huniandikia wakiwa wameshalipa, kwa hiyo nimefurahi kwamba wewe umepiga picha kwanza. Ninachoamini nakueleza bila kuzunguka: usilipe hizo dola 95,000, wala usiweke amana hata ya dola 500, mpaka jambo moja lililomo kwenye picha zako mwenyewe lipate maelezo.

Kibao cha bodi kina tarehe 02C. Hiyo 02 ni Februari, na C ni wiki ya tatu; ndiyo wiki ambayo bodi ya gari hilo ilipangiwa kuundwa. Mhuri wa injini ni T0311CRV. T ni Tonawanda, kiwanda cha injini cha Chevrolet kilichoko karibu na Buffalo, jimbo la New York. Tarakimu 0311 ni tarehe 11 mwezi wa tatu, siku injini ilipounganishwa. Sasa piga hesabu. Bodi ilipita kiwandani Arlington, Texas, katika wiki ya tatu ya Februari, na injini inayodaiwa kuzaliwa nayo ikaunganishwa karibu wiki tatu baadaye, tena ikiwa bado New York, haijapakiwa hata kwenye treni. Kwa magari halisi mpangilio huwa kinyume chake: bloku, yaani kiini cha chuma cha injini, inasubiwa (chuma kinamiminwa kwenye kalibu), siku kadhaa au wiki chache baadaye injini inaunganishwa, inasafirishwa, ndipo inakutana na bodi. Tarehe ya kibao ni ya ratiba na gari liliweza kuchelewa siku mbili tatu. Wiki tatu ni nyingi mno.

Kibaya zaidi, injini hiyo hiyo imegongwa namba ya gari lako. Kama tarehe ni kweli, basi namba hiyo haikugongwa Arlington mwaka 1970. Imegongwa na mtu mwingine, miaka mingi baadaye, kwa makusudi ya kumfanya mnunuzi kama wewe alipe zaidi.

Hata hivyo, simhukumu muuzaji kwa picha moja. Tarakimu 2 na 3 zikiwa zimechakaa, au zikiwa chini ya rangi ya injini, hufanana. Kama pale panasomeka 0211 na si 0311, hadithi inageuka kabisa: injini ya tarehe 11 Februari kukutana na bodi ya wiki ya tatu ya Februari ni jambo la kawaida. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kurudi kwa muuzaji na kupata jibu la tarakimu moja. Nitakueleza namna ya kufanya hivyo, na namba ya pili itakayotuambia ukweli hata kama ile ya kwanza imefutika. Lakini kwanza uelewe kwa nini gari hili hasa ni gumu kuthibitisha, maana ukielewa hapo hutadanganywa na maneno.

Kuanzia 1966 hadi 1968, Chevelle SS396 ilikuwa modeli yake yenyewe, na namba ya chesisi, ile ambayo Wamarekani huiita VIN, ilianza na 138. Ukiona 138, ni SS. Usipoiona, si SS. Rahisi hivyo. Mwaka 1969 Chevrolet waliiondoa SS kwenye orodha ya modeli, wakaifanya kuwa kifurushi cha ziada ambacho mteja aliagiza juu ya gari la kawaida. Kwa hiyo namba yako, 136370R, inasema hivi na si zaidi: 1 ni Chevrolet, 36 ni Malibu yenye injini ya V8, 37 ni bodi ya milango miwili isiyo na nguzo ya kati, 0 ni mwaka 1970, R ni kiwanda cha Arlington. Kwa taarifa yako, hicho ni kiwanda kilichoko jirani yako, kati ya Dallas na Fort Worth, na mpaka leo General Motors wanaunda magari pale. Namba ya Malibu iliyoagizwa na mwalimu wa shule ikiwa na injini ndogo ya V8 inafanana kabisa na namba ya LS6 yenye nguvu za farasi 450.

Namba hiyo haiwezi kuthibitisha, lakini inaweza kukanusha. Ingeanza na 135, gari lingekuwa limetoka kiwandani na injini ya silinda sita. Ingeanza na 133 au 134, lingekuwa Chevelle ya daraja la chini, na mwaka 1970 SS iliwekwa kwenye Malibu tu na kwenye El Camino. Lako limepita mlango huo wa kwanza, na si jambo dogo, kwani kuna watu wanauza SS za 1970 zenye namba ya silinda sita bila aibu. Ila Malibu za V8 zilizoundwa mwaka ule ni nyingi mno, na SS454 zote zilikuwa 8,773 tu, kati yake LS6 zikiwa 4,475. Ndiyo maana nakala ni nyingi kuliko magari yenyewe.

Wanaosoma hapa wakiwa na jicho kwenye gari jingine wajue kwamba ugumu huu si wa magari yote. Mustang ya 1969 ina herufi ya tano kwenye namba ya chesisi inayotaja injini: R ni 428 Cobra Jet yenye Ram Air, Z ni Boss 429. Tena Ford waliweka kumbukumbu za uzalishaji kuanzia 1967, na mtaalamu aitwaye Kevin Marti ana idhini yao ya kutoa ripoti ya gari moja moja kwa malipo. Plymouth na Dodge za 1970 nazo herufi ya tano inasema: R ni Hemi ya 426, V ni 440 yenye kabureta tatu. Kwa Pontiac kuna taasisi iitwayo PHS, inayoshikilia nyaraka za kiwanda, na kwa siku chache utajua kama GTO yako ilizaliwa Judge, toleo lake la juu, au ilivishwa jina hilo. Chevrolet zilizouzwa Marekani hazina ghala la kumbukumbu la namna hiyo. Zile zilizouzwa mpya Kanada zina kumbukumbu, kwa sababu General Motors wa Kanada walizitunza. Kwa Chevelle ya Texas, ushahidi wote uko kwenye chuma chenyewe na kwenye makaratasi aliyonayo muuzaji.

Basi turudi kwenye chuma.

Namba ulizopiga picha ziko kwenye sehemu bapa ya bloku, mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria. Pale huwa na mihuri miwili. Wa kwanza uligongwa Tonawanda: kiwanda, mwezi, siku, na herufi tatu za aina ya injini. CRV ni LS6 ya gia za mkono. CRR ni LS6 ya otomatiki. Wa pili ni kipande cha namba ya gari, 1 kwa Chevrolet, 0 kwa mwaka, R kwa Arlington, kisha tarakimu sita. Mihuri hii miwili haikugongwa kwa mkono mmoja wala kwa kifaa kimoja, kwa hiyo ikifanana mno kwa umbo la herufi na kwa kina, shuku. Wa kiwandani mara nyingi huwa na kasoro za kibinadamu: umeinama kidogo, tarakimu moja imeingia zaidi ya nyingine. Wa tapeli huwa ama umepangwa vizuri kupita kiasi, ama kila herufi imecheza kivyake kwa sababu amegonga moja moja.

Lakini usiishie kwenye herufi. Angalia chuma kilichoko nyuma ya herufi. Kiwandani uso wa juu wa bloku ulisawazishwa kwa mashine iliyopita kwa mstari mmoja, mbele hadi nyuma, ikaacha michirizi myembamba iliyonyooka na kwenda sambamba. Michirizi hiyo inapita chini ya namba na kati ya namba. Mtu anayetaka kufuta namba ya zamani hana budi kuondoa chuma, na akiondoa chuma anaondoa na michirizi. Atabaki na uso laini kama sahani, au wenye duara za mashine ya karakana, au wenye mikwaruzo ya msasa inayokatiza. Kuna mafundi wajanja wanaojaribu kuirudisha michirizi. Kazi yao huonekana ukilinganisha na picha za injini zinazojulikana kuwa hazijaguswa. Na bila shaka injini iliyofanyiwa ukarabati wa halali, uso ukakatwa karakanani miaka ya 1980, nayo hupoteza michirizi. Hapo mwenye gari amekosa ushahidi bila kuwa mwongo, ila pesa yako haitofautishi kati ya hayo mawili.

Namna ya kufanya: omba ruhusa usafishe sehemu ile kwa dawa ya kuondoa rangi na kitambaa laini. Usikubali mtu yeyote aguse kwa msasa au brashi ya waya, hata muuzaji mwenyewe. Kisha weka tochi pembeni kabisa, mwanga upite kwa ubavu, upige picha kutoka juu bila kuwasha mwanga wa simu. Kivuli kitaonyesha kama ile ni 2 au 3. Kikionyesha pia kwamba 3 ilikuwa 8, au kwamba kuna mabaki ya namba nyingine chini yake, tumemaliza kazi.

Sasa ile namba ya pili niliyokuahidi. Bloku ya chuma inaposubiwa, namba na tarehe hutoka kwenye kalibu yenyewe. Hazigongwi, zimeinuka juu ya chuma, ni sehemu ya bloku. Namba ya bloku iko nyuma, kwenye kingo inayofungwa giaboksi, upande wa dereva. Kwa 454 ya mwaka 1970 tunatarajia 3963512. Isikupe furaha nyingi ukiiona, kwani bloku hiyo ilitumika pia kwenye LS5, ile 454 ya chini yenye nguvu za farasi 360, na kwenye magari mengine ya Chevrolet ya wakati ule. Kinachonipa mimi usingizi mzuri ni tarehe ya kusubu, ambayo utaipata ubavuni upande wa abiria, karibu na stata. Itakuwa na herufi ya mwezi, A kwa Januari, B kwa Februari, C kwa Machi, kisha siku, kisha tarakimu moja ya mwaka. Ukisoma B 2 0 au A 27 0, bloku ilisubiwa kabla ya bodi kuundwa na hoja yangu ya mwanzo inalegea. Inaelekea mhuri ulikuwa 0211 kweli. Ukisoma C na siku yoyote, hakuna maelezo yatakayoliokoa dai la muuzaji, kwa sababu bloku yenyewe haikuwepo gari lilipoundwa. Na ukiona tarakimu ya mwisho si 0, shuku vilevile. Tarehe hii mafundi wa kudanganya huisahau mara nyingi, kwa kuwa haionekani mpaka ulale chini ya gari. Ndiyo maana naipenda.

Huenda muuzaji akakwambia injini ilibadilishwa na wakala chini ya dhamana. Ilitokea sana; injini za LS6 ziliteswa kwenye mashindano ya robo maili na nyingi zilipasuka. Lakini bloku ya kubadilishia aliyoitoa Chevrolet ilikuwa na mhuri unaoanza na CE, bila CRV na bila namba ya gari. Gari lenye bloku ya CE na karatasi za wakala ni gari lenye historia ya kweli na mimi nalipa heshima yake. Lako lina CRV na namba ya gari, kwa hiyo maelezo hayo hayalihusu.

Baada ya injini, nenda kwenye giaboksi. LS6 ya gia za mkono ilikuja na Muncie M22. Mhuri wake huanza na P, kisha tarakimu ya mwaka, herufi ya mwezi, siku, na mwisho herufi C inayomaanisha M22. Ukiona A au B hapo mwisho, ni M20 au M21, na si giaboksi iliyotoka na LS6. Kwenye giaboksi pia kunapaswa kuwa na kipande cha namba ya gari. Mtu anayegonga injini upya si lazima awe na bidii ya kushusha giaboksi, kwa hiyo mara nyingi uongo hukamatwa hapo.

Kisha namba zilizofichwa. Kiwandani waligonga kipande cha namba ya gari mahali ambapo mwizi hafiki kirahisi: kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, chini ya kasha la hita, na juu ya reli ya fremu upande wa dereva. Chevelle ina fremu iliyotengana na bodi, maana yake bodi ya gari moja inaweza kukaa juu ya fremu ya jingine. Ya fremu unaweza kuiona kwa kamera ndogo ya waya, zinazouzwa bei rahisi siku hizi na kuunganishwa na simu. Ya chini ya hita inahitaji kufungua kasha. Muuzaji anayeomba dola 95,000 asipokubali kazi ya saa mbili kwa gharama yako, amekujibu.

Kibao cha dashibodi chenyewe kikague kwa makini. General Motors walikifunga kwa ribiti maalum zenye kichwa cha umbo la ua la petali sita. Ribiti za kawaida za duara, alama za bisibisi kuzunguka kibao, au rangi iliyopita juu ya ribiti, ni sababu ya kuondoka. Hapa hatuzungumzii thamani tu. Kubandua au kubadilisha namba ya gari ni kosa la sheria ya shirikisho linaloweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 5, na gari lenye kibao kilichoguswa linaweza kushikwa na polisi likiwa mikononi mwa mnunuzi asiye na hatia. Mwaka 2017 jimboni Kansas ilishikwa Corvette ya 1959 kwa sababu kibao chake kiliwahi kubanduliwa wakati wa ukarabati. Mwenyewe alihangaika nayo miaka kadhaa, mpaka bunge la jimbo likarekebisha sheria mwaka 2022. Na usitegemee zile huduma za mtandaoni za kutafuta historia ya gari, maana zinasoma namba zenye herufi na tarakimu 17, utaratibu ulioanza 1981. Nenda kwa polisi wa kitengo cha wizi wa magari, wakuangalizie kabla ya kulipa, na hakikisha hati ya umiliki ina namba ile ile, herufi kwa herufi.

Rangi. Kibao cha bodi kinasema 75 75, yaani nyekundu ya Cranberry Red juu na chini. Gari lako ni jeusi. Nyeusi ya mwaka ule, Tuxedo Black, ni 19. Kubadilisha rangi si dhambi, ila linapunguza thamani, na muuzaji alipaswa kukutajia yeye kwanza. Linakupa pia kipimo kizuri: tafuta nyekundu ya zamani chini ya dashibodi, ndani ya milango nyuma ya ubao wa kitambaa, chini ya zulia la buti. Ukiikuta, kibao na bodi ni ndugu. Ukikuta kijani au bluu, kibao hicho kimetoka kwenye gari jingine, na tarehe ya 02C haina maana tena. Usitegemee kibao kikutajie SS, kwani kwa Chevelle za 1970 vibao vya viwanda vya Marekani kwa kawaida havikuandika hivyo. Camaro, Chevrolet nyingine, ni tofauti; zile za michezo ziitwazo Z/28, nyingi za 1969 zilizotoka kiwanda cha Norwood, Ohio, zina msimbo wa X33 au X77 kwenye kibao, na wengi huchanganya magari haya mawili.

Mistari myeupe, nembo za SS, bonneti yenye nundu, grili nyeusi, vyote vinaagizwa kwa katalogi na kuletwa nyumbani kwako ndani ya wiki. Hata vipuri vya LS6 vyenyewe, manifoldi ya aluminiamu, kabureta ya Holley, silinda hedi zenye namba 3964291, vinauzwa. Nisingetumia muda mwingi huko. Angalia tu vile ambavyo mtengeneza nakala huvionea uvivu: difu ya bolti 12, mikono ya chini ya sasipensheni ya nyuma iliyofungwa kwa chuma pande zote badala ya kuachwa wazi, breki za diski mbele zenye msaada wa injini, na nyuma ya dashibodi yenye geji za duara, je, nyaya zimekaa kama zilivyotoka kiwandani au zimekatwa na kuungwa kwa tepu? Dashibodi ya Malibu ya kawaida ina spidomita ya mlalo, na kuibadilisha kunahitaji kugusa nyaya.

Sasa ile karatasi ya kwenye fremu ya kioo. Inayozungumzwa ni karatasi ya uundaji, iliyochapwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwandani wajue gari lipi linafungwa nini. Zilibaki kwa bahati, juu ya tangi la mafuta, kwenye springi za kiti cha nyuma, chini ya zulia. Ikiwa ya kweli na ya gari hilo, ni ushahidi mkubwa kuliko wote kwa Chevelle ya 1970, kwa sababu inataja injini. Kwa hiyo ndiyo hughushiwa zaidi. Mwombe aitoe kwenye fremu. Kioo huficha unene wa karatasi, upande wa nyuma, na namna madoa yalivyoingia. Karatasi iliyokaa miaka mingi juu ya springi ina alama za kutu zenye umbo la springi. Iliyochovywa kwenye chai ina rangi moja kote na kingo zilizochanika kwa unadhifu. Halafu isome: ina namba ya gari hili? Kuna karatasi nyingi za kweli zilizokutwa ndani ya magari yasiyokuwa yake, kwani wafanyakazi waliziacha popote. Rangi inasema 75? Ikisema 19 kwa sababu gari ni jeusi leo, mtu ameiandika akiangalia gari lilivyo sasa. Kila kiwanda kilikuwa na mpangilio wake wa karatasi, kwa hiyo tafuta mtu mwenye nakala za karatasi za Arlington za mwezi ule mzichunguze kwa pamoja. Na umwulize muuzaji ilipatikana wapi, lini, na nani aliyekuwepo. Mwenye karatasi halali huwa na picha za siku ile.

Kuna pia bamba dogo la chuma lililobandikwa kwenye kijitabu cha dhamana, Protect-O-Plate. Likiwepo na kijitabu chake, jina la mmiliki wa kwanza likalingana na nyaraka nyingine, ni la thamani. Likiwa peke yake, hutengenezwa upya. Karatasi ya bei ya dirishani nisingeihesabu kabisa. Badala yake ningetafuta majina ya wamiliki waliotangulia na kuwapigia simu. Mzee aliyelimiliki gari hilo mwaka 1978 hana sababu ya kukudanganya, na anakumbuka kama lilikuwa jekundu na kama lilikuwa na gia za mkono.

Upande wa pesa, LS6 halisi yenye injini yake na karatasi zake mara nyingi hupita dola 100,000. Kwa hiyo bei ya 95,000 yenyewe inanitia wasiwasi: ni kubwa mno kwa nakala, na ndogo kidogo kwa kitu halisi, ndiyo bei inayomfanya mnunuzi aharakishe. Nakala iliyotengenezwa kwa ustadi huuzwa nusu ya hapo au pungufu, na ni gari zuri la kuendesha. Nimeona watu wakiwa na furaha nalo kwa sababu walijua wanachonunua. Lipa mtaalamu wa Chevelle alikague, umtafute wewe, asitajwe na muuzaji. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na pengo la bei.

Na mkifikia kuandikiana, hati ya mauziano itaje waziwazi: Chevrolet Chevelle ya 1970, SS 454, LS6, yenye injini na giaboksi zilizotoka nayo kiwandani. Sheria ya biashara ya Texas inahesabu maelezo ya bidhaa yaliyo sehemu ya makubaliano kuwa ni dhamana, hata kama muuzaji si mfanyabiashara wa magari. Akikataa kuandika kile anachokisema kwa mdomo, mlipe bei ya Malibu yenye injini ya 454 au mwachie gari lake. Hati hiyo ipitiwe na mwanasheria kabla ya saini.

Kuhusu Mombasa, ndugu yangu, kanuni ya kawaida ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, wala lenye usukani wa kushoto. Chevelle hii imekwama kwenye zote mbili. Usinunue kwa matumaini hayo. Kama bado unataka kujaribu, pata jibu la KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa maandishi kabla gari halijagusa meli.

Ukirudi kwa muuzaji, anza na tarehe ya kusubu karibu na stata, kisha sehemu ile ya mihuri ikiwa safi na mwanga wa pembeni, kisha mhuri wa giaboksi. Nitumie picha hizo tatu kwanza. Kama tarehe ya kusubu inaanza na C, huna haja ya kufungua kasha la hita wala kumlipa mkaguzi.